Kitufe Chekundu cha Kware: Historia ya Kusimamisha Mashine

Jina la Kware halitokani na ndege wa porini anayeitwa kware, kama msikilizaji wa Kiswahili anavyoweza kudhani. Ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, lililopita vinywani mwa wavunja mawe wa Embakasi hadi likalainika na kubaki kuwa jina la mtaa, kisha, tangu uchaguzi wa mwaka 2013, jina la wadi mojawapo kati ya tano za eneobunge la Embakasi Kusini. Majirani zake nao wamebeba majina ya ardhi na kazi: Mukuru ni bonde kwa Kikuyu, na Pipeline imepewa jina la bomba la mafuta linalotoka Mombasa, ambalo lilianza kusukuma mafuta hadi Nairobi mwaka 1978. Upande wa machweo, ng'ambo ya vibanda vya mabati vya Mukuru, ndiko iliko Industrial Area, eneo la viwanda ambalo kwa miongo mingi limewapa watu wa mitaa hii kibarua cha kutwa, na ambalo, kama itakavyoonekana, limewapa pia mashine zake kuukuu.

Historia ya Kware kwa kawaida husimuliwa kwa kipimo cha nyumba: jinsi mashimo ya mawe yalivyozungukwa na magorofa ya kupangisha, na jinsi jengo moja la ghorofa saba lilivyoporomoka usiku mmoja wa Juni 2017. Ipo hata hivyo historia nyingine, nyembamba zaidi na isiyoandikwa sana, nayo ni ya jinsi mashine zinavyowashwa, zinavyosimamishwa, na zinavyochunguzwa zinapogoma kuwaka. Karakana za mbao ni mahali pazuri pa kuifuatilia, kwa sababu ni mashine chache zinazodai kidole kwa haraka kama zile zinazokata mti: msumeno wa duara, randa ya umeme, na ile mashine ya kukatakata matawi na mabaki ya mbao kuwa vipande vidogo, ambayo ndani yake ngoma nzito yenye visu huzunguka kwa kasi nyuma ya mdomo wa bati ambamo mti husukumwa. Mashine hii ya mwisho haipatikani katika kila karakana. Kazi yake kubwa nchini Kenya ilikuwa katika kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan African Paper Mills, kilichoanza kazi katika miaka ya 1970 na kusimama mwaka 2009, ambako magogo yalikatwakatwa kwanza ndipo yakapikwa kuwa rojo. Ndugu yake wa karibu, mashine ya kukata majani ya ng'ombe, huundwa na mafundi wa jua kali wa Nairobi wenyewe, nayo ina visu vilevile, mdomo uleule na hatari ileile.

Machimbo yaliyoupa mtaa jina lake yalikuwa ya nyundo, mtaimbo na baruti. Mawe ya ukanda huu wa mashariki yaliingia katika kuta na barabara za Nairobi, na katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwatumia wafungwa wa Mau Mau kujenga uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa Machi 1958, sehemu kubwa ya kazi ikifanywa kwa mikono mitupu. Mwenye nyundo hahitaji chombo cha kumsimamisha, kwa kuwa mkono ukisimama na nyundo imesimama. Nguvu na mtu ni kitu kimoja, na uchovu wake ndio breki yake. Hatari iliyomzidi mchimbaji ilikuwa baruti na ngema inayoning'inia, na dhidi ya hizo desturi ya machimbo popote duniani imekuwa ishara na sauti: filimbi, bendera nyekundu, ukelele wa kuwaondoa watu. Rangi nyekundu basi ilijulikana machimboni kama onyo miaka mingi kabla haijawa rangi ya kitufe.

Umeme ulipofika ulikuta jina likiusubiri. Neno stima, ambalo katika Pwani lilikuwa jina la meli ya mvuke, lilipanda bara na kubandikwa umeme, na mpaka leo Mkenya hulipia stima, hukatiwa stima na hupigwa na stima, bila kukumbuka kwamba anataja mvuke. Mchanganyiko huo una sababu yake, kwa maana katika karakana za reli zilizoanza kukua Nairobi tangu mwaka 1899, kama katika karakana zote za zama hizo, nguvu ilikuwa ya mvuke kwanza: injini moja ilizungusha mhimili mrefu uliopita juu ya vichwa vya wafanyakazi, na kutoka mhimili huo mikanda ya ngozi ilishuka hadi kwenye kila mashine. Kusimamisha mashine moja kulimaanisha kuusogeza mkanda wake kutoka kwenye puli inayoshika hadi kwenye puli inayoteleza. Kusimamisha zote kulimaanisha kumwita mwenye injini, ambaye huenda alikuwa upande wa pili wa jengo na hasikii kitu.

Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar na kuihamishia Mombasa, na mwaka huohuo mhandisi Clement Hirtzel akapewa haki ya pekee ya kuupa mji wa Nairobi umeme. Kampuni zilizozaliwa na juhudi hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1922 kuwa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadili jina na kuwa Kenya Power and Lighting. Kwa seremala, jambo kubwa lililoletwa na umeme huo, zaidi ya taa, lilikuwa mota ndogo inayoweza kufungwa chini ya kila meza ya kazi. Mhimili wa juu na mikanda yake ukaondoka, na pamoja nao akaondoka mwenye injini. Sasa kila mashine ikawa na nguvu yake, na kila mtu akahitaji njia yake mwenyewe ya kuizima. Hapo ndipo historia ya kitufe inapoanzia.

Lugha ya karakana inaonyesha mpaka huo waziwazi. Vyombo vya mkono vina majina ya zamani yaliyofika kwa njia ya Pwani na ya mafundi Wahindi: randa, patasi, keekee, bisibisi, msumeno. Vyombo vya umeme vyote vimeingia na Kiingereza chao: swichi, fyuzi, mota, stata. Fundi wa Kware anapoeleza kazi yake, sentensi moja humtoa katika ulimwengu wa kwanza na kumtia katika wa pili, na sheria nayo ilikuja kwa namna hiyohiyo, yaani ikiwa imevaa nguo za kigeni.

Uingereza ilianza kulazimisha kuzibwa kwa sehemu hatari za mashine kwa sheria ya viwanda ya mwaka 1844, na mwaka 1922 ikatunga kanuni maalumu za mashine za mbao, ambazo pamoja na mengine zilitaka kila mashine iwe na chombo cha kuiwasha na kuizima kilicho karibu na mkono wa anayeitumia. Kenya ilipata sheria yake ya viwanda mwaka 1950, iliyoanza kutumika Septemba 1951, na mwaka 1959 zikafuata Kanuni za Mashine za Useremala, zilizopita katika njia hiyohiyo. Kanuni za nguvu za umeme viwandani zilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970. Yeyote anayesoma mfuatano huu atatambua kwamba, kwenye karatasi, seremala wa Nairobi alilindwa mapema. Kasoro ni kwamba ulinzi huo ulitegemea mkaguzi, na mkaguzi alijua njia ya kwenda kwenye viwanda vilivyosajiliwa, vyenye lango, jina na anwani ya posta.

Upande wa pili wa ukuta wa viwanda hivyo, katika karakana zisizosajiliwa, mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliitolea Kenya ripoti iliyoueleza uchumi huu mwingine na kuupa jina la sekta isiyo rasmi, na mwaka 1985, Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji waliokuwa wakigonga bati kwenye jua na kuamuru wajengewe vibanda, jina lao wenyewe la jua kali likaingia katika lugha ya serikali. Vibanda vilisaidia, lakini kivuli cha bati si kinga ya mashine. Mashine zilizoingia katika karakana hizi kwa kawaida zilikuwa za mtumba: kiwanda kinapobadilisha mitambo, ya zamani hupigwa mnada au huuzwa kwa wachuuzi wa chuma chakavu, na katika safari hiyo kila kipande hupimwa kwa bei yake. Mota ina mnunuzi, visu vina mnunuzi, hata nyaya za shaba zina mnunuzi. Bati la kukinga ngoma huuzwa kwa kilo, na swichi ndogo inayohakikisha kwamba bati hilo lipo mahali pake hutupwa, kwa sababu aliyeinunua mashine haoni kazi yake. Mashine iliyotoka kiwandani ikiwa na ulinzi kamili hufika mtaani ikiwa imebaki na vitu viwili tu, mota na makali.

Ili kuelewa kilichotupwa ni lazima kuutazama mzunguko wa usalama kwa karibu. Mota ya mashine kubwa ya mbao hutumia umeme wa fezi tatu, ambao nchini Kenya ni volti 415 kati ya fezi moja na nyingine na volti 240 kati ya fezi na waya wa nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Nyaya hizo nene hazipiti kwenye vitufe anavyobonyeza mtu. Hupitia kwenye kontakta, ambayo ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Ndani yake mna koili, waya mwembamba uliosukwa kuzunguka chuma. Koili ikipata umeme chuma huvutana na njia tatu za mota huunganika kwa kishindo kinachosikika karakana nzima, na koili ikikosa umeme springi huziachanisha. Kontakta, pamoja na kifaa cha kuzuia mzigo kupita kiasi ambacho mafundi hukiita ovalodi, ndiyo huitwa stata.

Umeme wa koili hiyo hupitia mnyororo wa vikao vingi, yaani sehemu za kuunganisha na kukata umeme, kabla haujafika. Hutoka kwenye fyuzi ndogo, hupita kwenye ovalodi, hupita kwenye kitufe chekundu cha dharura chenye umbo la uyoga, kilichowekwa juu ya bamba la manjano ili kionekane hata na mtu aliyetaharuki, hupita kwenye kitufe cha kawaida cha kuzima, hupita kwenye swichi ya kinga inayokaa imeungana maadamu bati la kufunika visu limefungwa, na mwishoni hufika kwenye kitufe cha kijani cha kuwasha. Vikao hivi vyote, isipokuwa cha kuwasha, huwa vimeungana wakati mambo ni shwari, na hekima ya mpangilio mzima imo humo: waya ukikatika popote, skrubu ikilegea, panya akitafuna, mashine husimama. Ubovu mwingi wa mnyororo huelekea upande wa usalama. Mafundi wa kwanza waliobuni utaratibu huu walielewa kwamba chombo cha usalama kinachoweza kuharibika kimyakimya ni kibaya kuliko kutokuwa na chombo, kwa sababu hicho humfanya mtu amwamini mlinzi aliyelala.

Kitufe cha kijani nacho kina ujanja wake. Mtu akikibonyeza na kukiachia mashine huendelea kuzunguka, kwa kuwa kontakta inapovutana huunganisha pia kikao kidogo cha pembeni kinachoshikilia umeme wa koili badala ya kidole. Matokeo yake ni kwamba umeme ukipotea kontakta huachia, na umeme ukirudi mashine hukaa kimya mpaka mtu aje aiwashe kwa makusudi. Katika nchi ambayo umeme haupotei, jambo hili ni la vitabuni. Katika Kware ni la kila wiki. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, megawati zaidi ya 180 zikatoka kwenye gridi, na nchi karibu nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa, ingawa tumbili alipona. Ubovu mwingine hauhitaji tumbili. Mita za malipo ya kabla, ambazo zimeenea tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, hukata umeme tokeni zinapokwisha, na mara nyingi hukata katikati ya ubao. Seremala humtuma kijana dukani akanunue tokeni, na yeye mwenyewe, kwa kuwa mashine imenyamaza, huinama kuondoa maranda yaliyoziba mdomo. Kama mashine ina stata nzima, tokeni zikiingia hakuna kitakachotokea. Kama imeunganishwa kwa swichi ya kawaida ya ukutani ambayo hakuna aliyeizima, ngoma itaamka na mkono umo ndani.

Hapa ndipo swali la kutafuta hitilafu linapogusa historia yenyewe, kwa maana sehemu kubwa ya mashine zisizo na ulinzi hazikuzaliwa hivyo, bali zilitibiwa hivyo. Mashine inapokataa kuwaka, fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuufuata mnyororo kwa mita. Baada ya kuichomoa mikanda au kuhakikisha kwamba ngoma haiwezi kuzunguka, huweka ncha moja ya mita kwenye nyutro na ncha ya pili kwenye fyuzi, kisha husogea kikao kwa kikao: volti 240 baada ya fyuzi, 240 baada ya ovalodi, 240 baada ya kitufe cha dharura, 240 baada ya kitufe cha kuzima, na ghafla sufuri baada ya swichi ya kinga. Hitilafu imejitaja yenyewe, na kazi iliyobaki ni kuifungua swichi hiyo na kukuta kile kinachokutwa mara nyingi katika mashine za mbao, yaani vumbi laini lililojishindilia kati ya vikao, au skrubu iliyolegezwa na mtetemo. Kazi hii huchukua muda wa chai moja. Bisibisi ya testa, ile yenye taa ndogo kwenye mpini ambayo mafundi wengi huitegemea, haitoshi hapa, kwa sababu taa yake huwaka kwa umeme hafifu sana na huweza kung'aa hata kwenye kikao kichafu ambacho hakiwezi kuivuta koili. Inaonyesha kwamba umeme upo, haionyeshi kwamba unafaa.

Njia ya pili ni daraja, kipande cha waya kinachoruka kikao kinachoshukiwa. Ni njia ya kale na ina heshima yake: fundi anayejua kazi huweza kuitumia kwa dakika moja, mashine ikiwa imetengwa na visu vyake, ili athibitishe shaka yake. Tofauti kati ya fundi na mharibifu ni kama daraja hilo liliondolewa jioni. Mtaani mashine ya namna hii husemwa kwamba imewekwa dairekti, na neno hilo hutamkwa kwa sauti ya sifa, kana kwamba mashine imekombolewa kutoka kwenye urasimu. Mwenye karakana aliyepoteza nusu siku ya kazi kwa ajili ya swichi asiyoijua humshukuru aliyeikwepa, na swichi mpya ni gharama ambayo faida yake haionekani mpaka siku itakapoonekana.

Kumlaumu mwenye karakana ni rahisi, lakini si haki kwa ukamilifu, kwa kuwa katika Kware mnyororo wa usalama umekuwa ukisingiziwa makosa ya watu wengine. Mitaa ya Mukuru na ile inayopakana nayo ilikaa kwa muda mrefu bila huduma rasmi ya kutosha, na umeme uliosambazwa na wauzaji wasio rasmi ulipita kwenye nyaya nyembamba zilizobebeshwa nyumba nyingi. Waya mwembamba hula volti. Kontakta ya kawaida huahidi kuvutana ikiwa koili yake inapata angalau asilimia 85 ya volti zake, ambayo kwa koili ya 240 ni volti 204. Jioni, wakati kila chumba kina pasi au jiko la koili, volti zikishuka hadi 190 kontakta huweza kunguruma, kutetemeka na kushindwa kuvutana, na anayetazama huamini kwamba kitufe kimeharibika. Mota nayo hudhoofika kuliko mtu anavyotarajia, kwa kuwa nguvu yake ya kuzungusha hufuata mraba wa volti: kwa volti 190 hubakiwa na asilimia 63 hivi ya nguvu hiyo. Huvuta ampea nyingi zaidi ili kuubeba mzigo uleule, hupata joto, na ovalodi huikata. Mwenye mashine huizungusha skrubu ya ovalodi hadi mwisho, au huitia daraja, na baada ya majuma machache humpelekea fundi mota iliyoungua aisukie koili mpya.

Ovalodi husema pia habari nyingine ambayo haihusu umeme hata kidogo. Kisu butu hakikati, husaga. Mti ulioingia kwenye ngoma yenye visu butu huikaba, na mota hujitahidi mpaka ovalodi iingilie kati. Mashine ya kukatakata mbao inayojizima mara tatu kwa siku mara nyingi inaomba jiwe la kunolea. Hii ndiyo sababu mafundi wazuri wa zamani, kabla ya kufungua kisanduku cha umeme, waliizungusha ngoma kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa na fyuzi zikiwa mfukoni mwao, ili wasikie kama beringi inakwaruza na waone hali ya makali. Fyuzi mfukoni ilikuwa kufuli ya maskini: hakuna atakayeiwasha mashine ukiwa na fyuzi zake. Kwa maoni ya mwandishi wa historia hii, desturi hiyo ndogo ina thamani kuliko vibao vingi vya onyo vilivyopigiliwa ukutani, na kupotea kwake, baada ya fyuzi za kuchomoa kubadilishwa na swichi za kujikata ambazo mpita njia yeyote anaweza kuziinua kwa kidole, ni hasara ambayo haikuandikwa popote.

Jambo moja halitibiwi na kitufe cha aina yoyote. Ngoma nzito yenye visu haisimami umeme unapokatika. Huendelea kuzunguka kwa nguvu ya uzito wake, ikilia sauti inayoshuka taratibu, na katika muda huo makali yake hayana tofauti na yalivyokuwa mota ikiwa hai. Katika viwanda, mashine za namna hii huwekewa breki au kufuli inayozuia bati lisifunguke mpaka ngoma itulie. Karakanani kufuli hiyo ni sikio. Kijana anayefunzwa kazi huambiwa asisogeze mkono mpaka mashine inyamaze kabisa, na hilo, kwa namna yake, ni kurudi kwenye sauti ya machimbo.

Serikali ilijaribu kuuvuka ukuta kwa hatua. Mwaka 1990 sheria ya viwanda ilipanuliwa jina na upeo ili ihusu viwanda na mahali pengine pa kazi, na mwaka 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayohusu kila mahali ambapo mtu yeyote anafanya kazi, iwe kwa muda au kwa kudumu, na ikataka mahali hapo pasajiliwe. Mwaka huohuo ilipita Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini, iliyomfanya mwajiri awajibike kumlipa aliyeumia na kuchukua bima kwa ajili hiyo. Kwa maneno ya sheria, kibanda cha Kware chenye msumeno mmoja na vijana wawili kikawa sawa na kiwanda cha Industrial Area. Kuhusu ufundi wenyewe, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ambayo makao yake yako Industrial Area, hutahini mafundi kwa gredi, wakiwemo waliojifunza kazi mtaani bila darasa, na mamlaka ya nishati, EPRA, hutoa leseni za mafundi umeme kwa madaraja. Kijana wa Kware anaweza basi kupanda basi moja na kurudi na cheti. Kinachomrudisha nyuma ni ada, na wateja ambao hawajazoea kuuliza cheti kabla ya kumkabidhi mtu mashine yao.

Vifaa vyenyewe havina uadimu tena. Kitufe chekundu, kontakta na ovalodi huuzwa katika maduka ya umeme katikati ya mji, halisi na bandia vikiwa kwenye rafu moja, na Shirika la Viwango la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, lina kazi ya kuvitenganisha. Karakana inayofunga stata mpya leo hufunga kitu ambacho mbunifu wa miaka ya 1950 angekitambua bila kuelezwa, kwa kuwa mnyororo ni uleule. Sheria inayousimamia nayo haijaenda mbali: Kanuni za Mashine za Useremala za mwaka 1959, zilizotungwa miaka minne kabla ya uhuru, hazikufutwa na sheria ya mwaka 2007, na zinauhusu msumeno wa duara wa Kware sawasawa na ule wa upande wa pili wa ukuta.